Mzee Ndesanjo Apima Dawa ya Kulegeza

Kitendawili. Mlango ni mmoja, njia ni mbili. Upepo hupita mbele, uji hupita nyuma, na mlinzi wa katikati hapumziki hata ukilala. Ni nini hicho? Mmoja atasema ni nyumba, mwingine atasema ni mzinga. Kaa nacho kidogo, msikilizaji, usikimbilie kunipa mji. Susana naye aliishi na kitendawili hicho, na jibu lake lilikuwa limelala mapajani mwake.

Susana alikuwa mke wa Kaanaeli. Walikaa juu ya Makumira, kwenye mteremko wa Mlima Meru, katika kihamba cha migomba na kahawa cha baba mkwe wake, Mzee Ndesanjo. Ilikuwa miaka ya Waingereza. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, na nyumba za bati zilianza kuonekana kati ya migomba.

Kila asubuhi Susana alikuwa na kazi moja iliyotangulia zote. Alikamua maziwa ya kifua chake kwenye kikombe, akamlisha mtoto kwa kijiko. Mtoto huyo, Elirehema, alizaliwa na mdomo wa juu uliopasuka. Ufa ulipanda mpaka puani. Akijaribu kunyonya, hewa ilipita kwenye ufa na ziwa likamtoka. Maziwa yakamtiririka shavuni, mengine yakamtokea puani. Umri wa kukaa ulikuwa umefika, lakini ukimbeba ungedhani umebeba kikapu kitupu.

Wanawake waliokwenda mtoni walimtazama mtoto, kisha wakazungumza habari za mvua. Susana hakuupenda ule utaratibu wa kuzungumza mvua. Yeye alikuwa mtu wa kuuliza. Kwa nini maziwa yapande puani? Kwa nini mtoto mwingine anakunywa huku anahema na hapaliwi?

"Wewe Susana," Kaanaeli alimtania, "siku ukifa utamuuliza mchimba kaburi jembe lake kalinoa wapi."

"Na asiponijibu nitarudi nyumbani," alisema Susana.

Siku za soko Susana alipeleka ndizi mjini Arusha. Mteja wake mmoja alikuwa Siwema, mke wa Bwana Mikidadi. Wazee wa Mikidadi walitoka pwani zamani, lakini yeye alizaliwa hapo hapo Arusha. Alifanya kazi hospitali. Kazi yake ilikuwa kumsaidia daktari kuwapa watu nusu kaputi, yaani dawa ya usingizi wa upasuaji.

Siku moja Mikidadi alikuwa nyumbani. Alimwona mtoto mgongoni mwa Susana, akaja karibu.

"Mama, mdomo huu unashonwa," alisema. "Yuko daktari wa kazi hiyo, amekuja kwa safari. Atakuwa nasi mpaka Jumamosi. Mlete mtoto."

Moyo wa Susana uliruka. Lakini maswali yakatangulia furaha.

"Mtoto mdogo hivi hatulii. Mtamshonaje?"

"Tunamlaza kwa dawa."

"Na damu ya mdomo itakwenda wapi? Si itamrudia kooni?"

Mikidadi alicheka. Aliwapenda watu wanaouliza. Alivuta kigoda akaketi.

"Umeuliza penyewe. Kooni mna njia mbili. Ya mbele ni ya hewa, inakwenda kwenye mapafu. Ya nyuma ni ya chakula, inakwenda tumboni. Katikati pana kifuniko na milango midogo ya nyama. Ukimeza, hufunga njia ya hewa. Ndiyo maana hupaliwi. Sasa mtoto akilala kwa dawa, mlinzi huyo naye analala. Damu inaweza kuingia njia ya hewa. Kwa hiyo tunapitisha bomba laini la mpira kinywani mpaka ndani ya njia ya hewa. Mtoto anapumua kwa bomba, na daktari anashona mdomo bila kumzibia pumzi."

"Na hiyo milango midogo itakubali bomba?"

"Haikubali. Ukiigusa, inafunga kwa nguvu. Kwa hiyo kuna dawa ya kuilegeza." Hapo macho ya Mikidadi yaling'aa. "Nikwambie ajabu, mama? Dawa za namna hiyo zilianzia kwenye sumu ya mishale. Ni sumu ya watu wa misituni, huko ng'ambo kabisa. Wataalamu wakaichunguza, wakapata dawa."

Susana aliibeba ajabu hiyo kama zawadi. Alijua ni nani atakayeifurahia nyumbani. Mzee Ndesanjo ujanani alikuwa mwindaji wa Mlima Meru. Alitembea msituni na wawindaji wanaosema Kimaasai, wale wanaochemsha magome na mizizi ya mti uitwao olmorijoi mpaka yanakuwa lami nyeusi ya kupaka mishale.

Jioni ile, mzee alipokuwa akinywa mtori wake, Susana alimsimulia yote. Alipofika kwenye mishale, mzee aliweka bakuli chini.

"Rudia hapo."

Susana alirudia, sauti imepungua.

"Sumu ya mshale," alisema mzee. "Mimi nimeona nyati amechomwa mahali padogo tu. Alikwenda kama kutoka hapa mpaka zizini, akapiga magoti. Mwenye miguu minne na shingo kama gogo. Na huyu?" Alimnyooshea kidole Elirehema. "Hapana. Mtoto wa kihamba hiki hakatwi bila neno langu, na neno langu ni hapana."

Kaanaeli alimtazama mkewe, kisha akatazama moto. Susana alitamani kuurudisha ulimi wake. Alijua mila ya nyumba ile. Mzee akikataa, hakuna atakayembeba mtoto kuvuka mto.

"Baba," alisema polepole, "ni kweli dawa ile inatisha. Lakini na njaa je? Mtoto huyu anashindwa kuongezeka. Masika yakija na baridi yake na kikohozi, atayaweza?"

Mzee alimchukua mtoto, akampima kwa mikono miwili, kama mtu anayepima kibuyu kujua kama kimejaa. Uso wake ulibadilika.

"Kesho nitakwenda mwenyewe," alisema. "Mimi najua kupima sumu. Nitaipima hiyo yao."

Asubuhi walipanda lori la kwenda mjini, mzee, Susana na mtoto. Hospitali walimkuta Mikidadi akianika glavu za mpira kwenye kamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye sumu?"

Mikidadi alimtazama Susana. Susana akatazama vidole vya miguu yake.

"Ninayo dawa, mzee. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Niletee niipime kwa damu yangu."

Mikidadi aliingia ndani kuzungumza na daktari. Alirudi na kichupa kidogo cha kioo kilichobakiwa na tone moja, kwa kuwa dawa yake ilikuwa imetumika kwa mgonjwa wa asubuhi. "Daktari amesema, mwache mzee aone. Lakini nitakushika mkono, na dawa isiguse kidonda."

"Unanifundisha?" Mzee aliketi kwenye benchi, akatoa kisu. Alijichanja kidogo chini ya kiwiko. Damu ilitiririka kuelekea kiganja. Alichukua ujiti, akauchovya kwenye tone la dawa, akagusa mwisho wa mchirizi wa damu, chini kabisa, mbali na kidonda.

"Tazameni," alisema. "Sumu iliyo hai huigeuza damu nyeusi. Ule weusi hupanda, hupanda, unakitafuta kidonda. Unaufuta kabla haujafika. Ukichelewa, hutasimulia."

Wote watatu waliinama. Hata Elirehema alitoa macho. Damu ilibaki nyekundu.

Mikidadi alisahau kwamba ana kazi. "Mzee, nikuulize. Kwa nini mnapima kwa damu yenu? Mbuzi wapo, kuku wapo. Kwa nini mtu ajichanje mwenyewe?"

Mzee Ndesanjo alifuta mkono kwa jani. Mambo ya wawindaji hayakusemwa kwa kila mtu.

"Hii ni maji ya mvua," alisema. "Ama mnanidanganya, ama mmeificha ile yenyewe."

"Sikudanganyi. Kipimo chako ni cha sumu yako. Ya kwenu inaushika moyo. Hii haiendi huko. Hii inalegeza nyama zinazovuta viungo. Njoo, nikuonyeshe kwa kitu unachokijua kuliko mimi."

Aliwapeleka nyuma ya hospitali, penye bustani ya mboga. Mfereji mdogo ulipita pale, na vijia vya maji viliingia kwenye matuta. Mzee Ndesanjo alikuwa mmoja wa wazee wa mfereji huko kwao, wale wanaogawa maji. Aliona maji, akaanza kusahihisha ukingo kwa kidole cha mguu.

"Mtu akitaka kuinua mkono," alisema Mikidadi, "amri inatoka kichwani. Inapita kwenye mishipa ya fahamu, kama maji haya. Nyama ya mkono ni tuta. Maji yakifika kwenye tuta, mkono unainuka. Sasa angalia." Alichukua donge la udongo, akaliweka kwenye mlango wa tuta. "Maji yamefika?"

"Yamefika."

"Yameingia?"

"Hayajaingia. Umeziba mlango."

"Ndiyo dawa ya kulegeza. Amri inafika, lakini nyama haiipati. Basi milango ya kooni inalegea, haifungi tena, na bomba linapita bila kuchubua."

Susana alichuchumaa. "Sasa donge utalitoaje?"

"Silitoi. Ngoja."

Walingoja. Maji yaliramba donge, yakalimega pembeni. Kidogo kidogo lilikuwa tope, likaenda na maji, na tuta likaanza kulowa.

"Mwili wa mtoto nao unaiyeyusha dawa hii wenyewe," alisema Mikidadi. "Haikai. Ile ya zamani, iliyotoka kwenye mishale ya ng'ambo, ilikuwa kama hili." Aliweka jiwe mlangoni. "Hili haliyeyuki upesi. Dawa hiyo inafaa kwa mtu mzima mwenye upasuaji mrefu. Kwa kichanga mwili wake unaweza kuchelewa kuamka. Kwa hiyo kwa Elirehema daktari amechagua donge, si jiwe. Donge lenyewe halikutoka mshaleni, mzee. Limetengenezwa na wataalamu. Mimi nilipomsimulia mama habari za mishale sikumaliza maneno. Kosa ni langu."

"Kwani hakuna njia isiyo na donge wala jiwe?" aliuliza mzee.

"Zipo. Unaweza kumpa nusu kaputi nyingi mpaka koo lilegee lenyewe. Lakini nyingi hivyo huchosha moyo mdogo. Unaweza kumshika akiwa macho ukapitisha bomba. Kichanga wa juzi hufanyiwa hivyo wakati mwingine, na hao hawana nguvu. Huyu atapigana, ataumia, koo litavimba."

Mzee alizunguka tuta. Susana aliona jinsi alivyokuwa akitafuta tundu kwenye maneno yale, kama mtu anayekagua ua.

"Kuvuta pumzi nako si ni kazi ya nyama?" alisema mzee.

"Ni kazi ya nyama."

"Basi na pumzi itasimama."

Susana alimvuta mtoto kifuani. Hilo hakuliwaza.

"Itasimama," alisema Mikidadi bila kuficha. "Kwa muda mfupi mtoto hatavuta pumzi mwenyewe. Kuna mfuko wa mpira unaoungana na bomba. Mimi naubana kwa mkono, hewa inaingia. Nauachia, hewa inatoka. Mkono wangu ndio pumzi yake mpaka donge liyeyuke. Bila mfuko huo, na bila mtu aliyefunzwa kuutumia, dawa hii haiguswi. Hiyo ndiyo sheria yake."

"Na mtu aliyelegea hawezi kulia. Utajuaje kama amelala? Asije akawa anasikia kisu, na mdomo hausemi."

"Dawa ya kulegeza si dawa ya kulaza. Haiondoi maumivu. Kwa hiyo usingizi unatangulia siku zote. Nitamgusa kope kwa kidole. Kope ikitikisika, bado. Nangoja. Ikitulia, ndipo tunalegeza. Na kabla ya yote atapata sindano ya kukausha mate. Hiyo hiyo inaulinda moyo, kwa kuwa moyo wa mtoto hupenda kupunguza mwendo ukimgusa koo, na donge nalo huupunguza."

"Neno langu sasa ni ndiyo," alisema mzee. "Lakini nitasimama pale ninapoona."

Elirehema alilazwa wodini. Nesi alimwambia Susana: "Mpe maziwa alfajiri, kisha basi. Hata maji usimpe. Akilia mbembeleze."

"Kijiko kimoja tu akilia sana?"

"Hata kimoja. Mlinzi wa koo akilegea, kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia njia ya hewa. Kijiko cha huruma kinaweza kumwua."

Asubuhi mtoto alilia, na Susana alitembea naye barazani akimwimbia. Maziwa yalimlowesha nguo. Hakumpa. Walipokuja kumchukua, mzee alimshika Susana kiwiko, wakafuata nyuma.

Chumba cha upasuaji kilikuwa na mlango wenye kioo kidogo. Waliruhusiwa kusimama hapo mpaka bomba litakapoingia. Susana alitazama kwa jicho moja, na mzee kwa jicho moja, mashavu yao karibu kugusana, jambo ambalo kihambani, kwa heshima ya ukwe, lisingewezekana.

Mikidadi alikuwa kichwani pa mtoto. Aliweka kitambaa cha dawa ya usingizi juu ya uso mdogo. Kilio kikafifia. Aligusa kope. Akangoja. Akagusa tena. Alimwonyesha daktari kwa kichwa, daktari akachoma sindano. Mwili wa Elirehema ulitetemeka kidogo, vidole vikacheza, kisha kila kitu kikalegea. Kifua kikasimama.

Susana aliuma upindo wa kanga. Daktari aliangaza kooni kwa taa yake ndogo. Bomba lilipita bila mtoto kukukuruka. Mikono ya Mikidadi ikashika mfuko. Akabana. Kifua kikainuka. Akaachia. Kikashuka.

Wakati huo nesi aligonga meza, na sinia la vyombo likaanguka sakafuni kwa kishindo. Daktari aligeuka. Nesi wa pili aligeuka. Susana mwenyewe aliruka. Mikidadi hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye kile kifua, na mkono wake uliendelea kubana na kuachia, kana kwamba chumba kile hakina mtu mwingine.

Baadaye kidogo kifua kilijivuta chenyewe, mara moja, kisha tena. Mikidadi alitabasamu chini ya kitambaa cha uso. Mtu alikuja akafunga pazia la kioo.

"Donge limeyeyuka," alisema Mzee Ndesanjo.

Elirehema alirudishwa kwa mama yake na mshono mwekundu juu ya mdomo, amekasirika, analia kwa sauti iliyokwaruza kidogo. Susana hakuwahi kusikia kilio kizuri kama kile. Siku za kwanza alimlisha tena kwa kijiko, kama alivyoagizwa, ili mshono usivutike. Nyuzi zilipotolewa, na daktari wa hospitali aliporidhika, alimweka ziwani. Mtoto alitafuta, akashika, akavuta. Maziwa yalishuka kule yanakotakiwa, na shavu lilibaki kavu. Susana alikaa hivyo mpaka mguu ukafa ganzi, hakuthubutu kusogea.

Kahawa ilipoiva, Mikidadi alipanda mlima pamoja na Siwema kuwatembelea. Wanawake wa njia ya mtoni walikuwa wameacha kuzungumza mvua. Sasa walimwuliza Susana maswali, na yeye aliwachorea njia mbili za koo kwa kijiti mchangani. Wawili kati yao walikuwa wameshamfuata mpaka hospitali na watoto wao. Elirehema alikaa katikati ya mkeka, mnene, akipigapiga sufuria kwa mwiko.

Mikidadi alimbeba, akamgeuza kwenye mwanga. "Huyu sasa ni mzigo kweli."

"Anakula kama mtu mwenye shamba," alisema Siwema.

Mzee Ndesanjo alimsogezea Mikidadi kiti chake mwenyewe. Alikaa karibu naye, akatazama mkono wake uleule aliouchanja.

"Uliniuliza neno siku ile kwenye benchi," alisema. "Kwa nini tusipime sumu kwa damu ya mbuzi."

"Niliuliza, mzee. Nikadhani nimevuka mpaka."

"Ulivuka. Lakini nilikuona kupitia kioo cha mlango, sinia lilipoanguka." Mzee alisafisha koo. "Ukipima kwa damu ya mbuzi, utazungumza na mwenzako huku unapima. Utageuka kutazama ndege. Ukipima kwa damu yako, hutazami kwingine."